Maji Mawili na Mpaka Uliowekwa na Mungu



Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi chini ya mbuyu hapa Ihumwa, tukisoma Kurani Tukufu pamoja na wageni wanaochunguza dini. Tukafika katika Sura Al-Furqan (25:54), mahali Mwenyezi Mungu anapotaja maji mawili aliyoyaacha yakutane, haya matamu yenye kukata kiu na yale ya chumvi yenye uchungu, akaweka baina yake kizuizi. Kijana mmoja, ambaye tangu azaliwe hajapata kuiona bahari, akauliza: "Mwalimu, habari hii yatuhusu nini sisi watu wa Ugogo? Bahari hatuna, na hayo maji matamu yenyewe twayatafuta kwa jembe mchangani."

Wenzake walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Mtu anayeitafuta haki ana haki ya kuuliza kila aya yamtaka nini. Mimi nilimjibu kwa maneno machache juu ya uweza wa Mwenyezi Mungu, kisha tukaendelea na aya inayofuata. Usiku ule nilijua kwamba sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ijapokuwa limechelewa.

Neno la Mungu na kazi ya Mungu

Maneno ya Mwenyezi Mungu huwa na maana nyingi zisizopingana. Wako wafasiri waliofahamu kwamba maji mawili ni mfano wa mafundisho ya kweli na mafundisho yaliyoharibika, ambayo hukaa katika dunia moja bila kuwa kitu kimoja. Na katika aya za Sura Ar-Rahman zinazotaja bahari mbili zitakazokutana (55:20-21), wako walioona habari ya mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869 na ule wa Panama uliofunguliwa mwaka 1914. Maana hizo sizikatai hata kidogo. Lakini iko pia maana iliyo wazi, ambayo mvuvi asiyejua kusoma aiona kila siku kwa macho yake: ni mahali mto unapoingia baharini. Na kwa kuwa Kurani Tukufu ni neno la Mungu na ulimwengu ni kazi ya Mungu, anayetaka kulifahamu neno yampasa aitazame kazi.

Basi twende, ewe msomaji, mpaka mlango wa mto Wami. Mto huo huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya kisiwa cha Unguja, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Huko bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Bahari inapojaa husukuma maji yake kuingia mtoni. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupita chini. Maji ya mto ni mepesi, nayo huelea juu. Mtu akichota juu hupata maji yenye chumvi kidogo, na akishusha chombo chake chini hupata ya chumvi kali. Maji hayo mawili hugusana na kuchanganyika kidogo kidogo, lakini kila moja hubaki na nafsi yake.

Je, kizuizi hicho kimejengwa kwa nini? Si kwa mawe wala kwa saruji. Kimejengwa kwa kipimo. Uzito wa maji ya chumvi, wepesi wa maji matamu, nguvu ya mto inayosukuma kutoka bara na nguvu ya bahari inayosukuma kutoka mashariki: hivyo ndivyo vizuizi vya Mwenyezi Mungu. Masika mto unapojaa, mpaka husogea kuelekea baharini. Kiangazi mto unaponyong'onyea, mpaka hupanda juu ndani ya mto. Mpaka husogea, lakini kwa kadiri mto unavyopata maji yake, haufutiki.

Zingatia sasa mpango wa Sura Ar-Rahman. Kabla ya kuzitaja bahari mbili, Mwenyezi Mungu ametaja kwanza kwamba aliinua mbingu akaweka mizani, akawakataza watu wasiipunje mizani hiyo (55:8-10). Kisha ndipo zinapotajwa bahari na mpaka wake, na lulu na marijani zitokazo humo. Mpango huu si wa bahati. Mpaka wa maji mawili ni tunda la mizani, na mwenye kuipunja mizani auharibu mpaka, hata kama makao yake yako mbali nao.

Watoto wa maji mawili

Mahali maji mawili yanapokutana Mwenyezi Mungu ameweka miti ambayo haipatikani mahali pengine. Sisi wa bara huiita yote mikoko, lakini watu wa pwani huitambua kila mmoja kwa jina lake: mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, msikundazi, mkomafi. Mchu hutoa vijiti vya mizizi juu ya tope ili uvute hewa, na chumvi uliyoinywa huitoa kwenye majani yake. Mbegu ya mkoko huota ingali imeshikwa na mti mama, ikarefuka kama kijiti, kisha ndipo inapoanguka topeni ikiwa tayari na uhai wake. Ni nani aliyeufundisha mti kumlea mtoto wake mpaka awe na nguvu za kusimama mahali ambapo mawimbi hupita mara mbili kwa siku?

Na katika mizizi hiyo hulelewa kamba. Kamba wazima huzaa baharini. Watoto wao wadogo mno huingia na maji yanayojaa hadi kwenye mikoko, hula na kukua humo wakijificha na maadui, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Samaki wengi hufanya vivyo hivyo. Mvuvi wa Saadani au Bagamoyo anapotupa wavu wake mbali na ufuko, avunacho kilikua katika tope la mlango wa mto. Ukiuharibu mlango, umeivunja nyumba ya kulelea watoto, na shamba la bahari litakosa mbegu.

Maji ya Ihumwa yaenda wapi?

Sasa nirudi kwa swali la kijana wetu. Nilipokuwa ng'ambo katika chuo cha dini, mwalimu wetu mmoja alikuwa na desturi ya kutuuliza mambo ya vijijini kwetu. Aliniuliza mvua inyeshayo kwetu huenda wapi. Nikamwambia huenda mchangani, hunyweka na kukauka. Akasema mwanafunzi asiyejua maji ya kijiji chake yaendako asiharakishe kuwafundisha watu njia ya peponi. Wakati ule niliona amenionea. Leo naona alinipa kazi ambayo nimeichelewesha kwa miaka mingi.

Uwanda wa juu wa Dodoma hugawa maji yake kwa njia tatu. Maji ya upande wa Kondoa na magharibi huchukuliwa na mto Bubu hadi bwawa la Bahi, nako huishia, wala hayafiki baharini. Maji ya upande wa kusini na magharibi huingia katika mto Kizigo, ukakutana na Ruaha Mkuu kwenye bwawa la Mtera, yakaendelea hadi Rufiji. Na maji ya upande huu wetu wa mashariki huelekea katika mto Kinyasungwe. Kinyasungwe hushuka kupita nchi ya Mpwapwa, hukutana na Mkondoa unaotoka katika milima ya Ukaguru, hupita Kilosa na mbuga za Mkata, hupokea mito ya milima ya Nguru, huitwa Wami, kisha huingia baharini Saadani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, korongo lile tunalolivuka kwa miguu mikavu miezi minane kwa mwaka ndilo mwanzo wa maji yanayofika kwenye mpaka uliotajwa katika Sura Al-Furqan. Sisi si wageni wa aya ile. Sisi ni watu walioko juu ya mto, nao wa Saadani ni watu walioko chini yake, na maji ni mamoja.

Yafaa kusema kweli hapa wala tusijitukuze. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji yanayoendelea kuutunza mlango wa Wami wakati wa kiangazi hutoka zaidi katika milima yenye misitu, siyo kwetu. Tunachopeleka sisi ni gharika za masika na udongo uliomo ndani yake. Lakini hilo lenyewe latutosha kuwa swali Siku ya Kiyama: je, tulipeleka maji, au tulipeleka nchi yetu yenyewe?

Ufisadi barani na baharini

Katika Sura Ar-Rum (30:42) Mwenyezi Mungu ametangaza kwamba ufisadi umeonekana barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonje sehemu ya matendo yao, huenda wakarejea. Wafasiri wamesema, nao wamesema kweli, kwamba habari hiyo ni ya ufisadi wa roho wakati Mtume Mtukufu s.a.w. alipotumwa. Lakini ufisadi wa roho haukai rohoni tu. Hushuka mkononi, ukatoka mkononi ukaingia ardhini, na mvua ikauchukua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachunguzi wa Tanzania na wa Uswidi walipima mabonde manne karibu na Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta mabwawa yaliyojengwa ili yawape watu na mifugo maji yanajaa udongo kwa kasi kubwa, kwa sababu vilima vilikuwa vimevuliwa miti na majani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu ya Kondoa iliyokuwa imechimbika makorongo ya kutisha. Uamuzi huo uliwaumiza wafugaji wengi, na haifai kuusahau uchungu wao. Lakini majani yalirudi na miti ikaota tena. Ardhi iliyoachwa ipumzike ilimjibu Muumba wake kwa upesi kuliko sisi tunavyomjibu.

Tazama na reli ya kati, ambayo hufuata bonde la Kinyasungwe na Mkondoa kati ya Gulwe na Kilosa. Mara ngapi imechukuliwa na maji! Mwishoni mwa mwaka 2009 gharika ilipasua kingo huko Kilosa, watu wengi wakakosa makao, na njia ya reli ikakatika. Maji yale yalitoka juu. Na huko baharini, mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba wa meli kubwa, kwa kuwa kamba walikuwa wamepungua mno. Katika Ruaha Mkuu, ambao zamani haukukatika, maji yalianza kukauka kiangazi katika hifadhi kuanzia mwaka 1993, baada ya maji mengi kuchukuliwa juu yake. Na Rufiji, ambayo mlangoni mwake iko mikoko ya hekta 53,000 hivi, iliyo mingi kuliko mahali pengine popote katika Afrika ya Mashariki, ilianza mwezi wa Desemba 2022 kujaza bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Nuru ya taa ninayoandikia ni neema, nami siikufuru. Lakini kila neema ina haki yake, na haki ya mto ni kufika baharini ukiwa bado ni mto.

Watu wa juu na watu wa chini

Mtume Mtukufu s.a.w. alitoa mfano, nao umo katika Sahihi Bukhari, wa watu waliopanda jahazi moja, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini kila walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Mtume s.a.w. akaeleza kwamba wakiachwa, wote wataangamia. Na wakizuiwa, wote wataokoka.

Katika mfano ule mwenye shoka yuko chini. Katika jahazi letu mwenye shoka yuko juu, ndiye mimi na wewe. Huwaza kwamba anatoboa katika sehemu yake: mti ni wa shamba langu, mchanga ni wa korongo langu. Lakini jahazi halina sehemu ya mtu mmoja.

Hukumu ya jambo hili pia imo katika hadithi nyingine ya Bukhari. Sayidina Zubair r.a. na mtu mmoja wa Ansari walishindana juu ya mfereji wa kunyweshea mitende huko Madina. Shamba la Zubair lilikuwa juu. Mtume Mtukufu s.a.w. alimwelekeza Zubair anyweshe shamba lake, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake. Katika maneno hayo machache mna sheria nzima ya mito. Mtu wa juu ana haki ya kunywesha; hakunyimwa. Lakini haki yake ina mwisho, na mwisho wake ni jirani. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji imekubaliana na jambo hili kwa namna yake, kwani imetaka, baada ya mahitaji ya lazima ya watu, mto wenyewe uachiwe akiba ya maji ya kutunza uhai uliomo. Mwislamu anayelitii agizo hilo amtii Mtume wake.

Nyumba ya Mungu iliyokunywa maji

Sasa sina budi kusimulia kosa langu, maana mhubiri anayeonyesha makosa ya wengine tu hajahubiri bado.

Tulipoanza kujenga msikiti wetu mdogo tulihitaji mchanga. Tangu serikali ilipohamia Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba jirani yetu, mchanga umekuwa kama dhahabu, na malori hushinda makorongoni mchana kutwa. Nikapatana na mwenye lori kwa bei nafuu, wala sikumuuliza achota wapi. Alichota katika korongo letu wenyewe, chini kidogo ya kijiji. Tulishukuru Mungu kwa wepesi ule, na msingi ukasimama.

Mwezi wa Agosti akanijia bibi mmoja jirani, ambaye si wa dini yetu. Kwa miaka mingi alikuwa akifukua shimo mchangani na kuteka maji kwa kibuyu, na shimo lake halikukauka mpaka karibu na Novemba. Mwaka ule lilikauka mapema. Akanisalimu kwa adabu, akakaa kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, nyumba ya Mungu wenu imekunywa maji yangu."

Sikuwa na la kujibu. Mchanga wa korongo ndilo ghala la maji katika nchi kame. Mvua hunyweka humo na kujificha na jua. Ukiuondoa mchanga, umelibomoa ghala, na kingo nazo hubomoka, udongo ukaenda na gharika. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nami nilikuwa nimechukua fungu la mshirika wangu ili nijenge mahali pa kumwabudia Yule aliyenikataza.

Tulifanya nini? Tuliacha kuchota mchanga hapo, tukakubali kuununua mbali kwa bei kubwa, na ujenzi ukasimama kwa miezi mingi. Vijana walimchukulia bibi maji kwa zamu mpaka mvua. Kisha tukapanga mawe kukata korongo, kizuizi kifupi tu kisichofika kiunoni, ili gharika ipunguze mwendo na kuacha mchanga wake. Masika mawili yamepita. Mchanga umeanza kurudi, lakini shimo la bibi halijawa kama lilivyokuwa. Toba hukubaliwa siku ile ile. Mchanga huja kwa miaka yake.

Majibu kwa maswali matatu

Huenda msomaji akauliza: "Je, si Mwenyezi Mungu ndiye mleta mvua? Akitaka ataleta, na asipotaka miti yetu itafaa nini?" Jibu ni lile alilopewa Bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali. Mtume s.a.w. alimfundisha amfunge kwanza, kisha atawakali. Mti na nyasi ndizo kamba za kuyafunga maji. Katika mwisho wa Sura Al-Mulk (67:31) Mungu anatuuliza ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka iwapo maji yetu yatadidimia ardhini. Swali hilo halikuja ili tukae bure. Limekuja ili tuogope kuyadidimiza kwa mikono yetu.

Mwingine atasema: "Sisi ni maskini wachache. Mashamba makubwa, mabwawa na miji ndiyo inywayo mito." Ni kweli kwamba fungu lao ni kubwa, nao wataulizwa kwa ukubwa wake. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. alipomwona Sayidina Sa'd r.a. akitawadha kwa maji mengi alimkataza ubadhirifu, na alipoulizwa kama katika udhu pia mna ubadhirifu, alieleza kwamba umo, hata mtu awe kando ya mto unaotiririka. Kipimo cha Mwislamu si wingi wa maji yaliyopo, bali ni haja yake.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Ndugu yetu mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni huchoma mkaa na kuuza mjini. Baada ya hotuba yangu alinifuata, akaniambia kwa upole kwamba Mtume s.a.w. amemsifu mtu achukuaye kamba yake na kubeba kuni mgongoni akauza, kuliko kuomba watu. "Basi mimi ninakosa wapi, Mwalimu? Nina watoto wanne, na shamba la uwele halikutoa kitu."

Hadithi aliyoitaja ni sahihi, naye alikuwa na haki ya kuisema. Nilimwambia kwamba hadithi ile yasifu mgongo ubebao, haikusifu shoka lisiloacha kisiki kikachipua. Iko tofauti kati ya kuokota kuni kavu na kuung'oa mti mbichi uliozishika kingo za korongo. Lakini niliona wazi kwamba maneno yangu, ingawa ni ya kweli, hayaliki. Kumwambia mwenye njaa aache shoka bila kumpa kitu cha kushika ni kumwachia Mungu kazi aliyotuagiza sisi. Basi tulichanga, tukampa mizinga ya nyuki, na mwenzetu mwenye ujuzi akamwonyesha kazi. Mwaka wa kwanza alipata asali kidogo tu. Mkaa hajauacha kabisa. Amepunguza, na sasa mti uliotundikwa mzinga haukati. Siwezi kusema kwamba ameshinda. Nasema kwamba anajitahidi, nasi tumo pamoja naye katika jitihada hiyo.

Yatupasayo

Ndugu msomaji, iwapo wewe ni mpya katika Uislamu au bado wachunguza, usidhani kwamba dini huanza kwenye mkeka wa sala na kuishia hapo. Unapotawadha, tumia kidogo. Unapojenga, uliza mchanga umetoka wapi kabla ya kuuliza bei yake. Usilime wala usijenge hadi ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka nafasi ya mita 60, na anayeiheshimu atunza amana. Lima kwa kukinga mteremko, siyo kwa kuufuata. Acha mti wenye kivuli. Panda mwingine, kwani Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba kila alacho mtu, ndege au mnyama katika mti alioupanda Mwislamu huandikwa sadaka kwake. Na kwamba mwenye mche mkononi, hata akiona Kiyama kimefika, kama aweza kuupanda, na aupande. Wala sidhani kwamba kamba achanganyikaye na mizizi ya mikoko ya Saadani atasahauliwa katika hesabu hiyo, naye akanufaika na maji masafi yaliyotoka kwetu.

Kijana aliyeniuliza swali bado hajaiona bahari. Ila masika haya, korongo lilipojaa, alikuja kuniita twende kuyatazama maji. Tulisimama ukingoni. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yakivuka mawe yetu kwa kishindo. Akayatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza yatafika Saadani lini. Nikamwambia sijui siku, lakini yatafika. Akasema, "Basi haya bado ni machafu, Mwalimu. Tuongeze mawe."

Ewe Mola wetu Mlezi, uliyeweka mizani katika mbingu na mpaka katika maji, usitufanye miongoni mwa wanaopunja mizani yako. Utusamehe tulivyowadhulumu walioko chini yetu bila kuwajua, na uwape riziki yao katika nchi kavu na katika bahari. Utupe mvua yenye manufaa, na mioyo inayojua kuipokea. Amin.